Jumapili ya Mikono Mfukoni

Ukitaka kumkasirisha Kerrilyn Boag, usijisumbue kumtukana. Matusi alishayazoea, na yeye mwenyewe si mchoyo wa kuyagawa. We mwambie tu kwamba baiskeli ya mtoto wake ni ndogo, halafu usogee mbali kidogo.

Agosti yote watu walikuwa wanamwambia. Muuza nyama alimwambia huku anamfungia soseji. Mzee Merv Haddow, mwenyekiti wa klabu ya BMX ya Warrabeen, zile mbio za baiskeli ndogo kwenye matuta ya vumbi, alimwambia kwa upole, kofia mkononi, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Mwanamke wa posta, ambaye kitu pekee anachokiendesha ni ulimi wake, alimwambia mbele ya foleni nzima: "Kerrilyn, siku hizi mwanao juu ya kile kibaiskeli anafanana na dubu wa sarakasi." Kerrilyn aliacha kifurushi chake palepale kaunta akatoka. Mpaka leo stempu anazifuata mji wa pili, huko kwenye kiwanda cha sukari.

Na yule wa posta wala hakukosea. Baiskeli ilikuwa mini, saizi ya watoto wa miaka sita, saba, nane hivi. Binti yake, Tully, alikuwa na tisa, na mwaka huo miguu yake ilikuwa imerefuka kama imesahau kwamba kuna mwili juu yake. Akikaa, magoti yanagonga usukani. Akisimama, kifua kinapita mbele ya gurudumu kama mtu anayechungulia kisima.

Lakini juu ya baiskeli hiyohiyo Tully alikuwa bingwa wa jimbo, na mbele ya usukani kulikuwa na kibao chenye namba moja. Namba moja ya Queensland nzima, huko Australia, si mchezo. Na baiskeli yenyewe Kerrilyn aliijenga kwa mikono yake juu ya meza ya jikoni, nati kwa nati, msimu wa mvua, mumewe Clint akiwa huko migodini anakomalizia nusu ya maisha yake. Kila kipande alikiweka kwenye mizani ya unga wa keki. Kikizidi uzito alikirudisha dukani, akagombana nao, akarudi na kingine. Tully alikula mkate na jibini siku nyingi tu kwa sababu meza ilikuwa haina pa kuweka sahani.

"Ndogo ni nyepesi," Kerrilyn alikuwa akiwaambia watu, hata wasiouliza. "Na nyepesi inachomoka kwenye geti la kuanzia kabla wenzio hawajapepesa jicho. Mbio zenyewe hazimalizi hata dakika. Ukitangulia kona ya kwanza, wengine wanakula vumbi lako mpaka mwisho. Sasa we unataka nimpe mtoto trekta?"

Watu waliacha kubishana naye, yeye akadhani wameelewa.

Basi Ijumaa moja, wakati wa kula, Tully akawa anazungusha njegere kwenye sahani. Bila kuinua kichwa akasema, "Mama, mashindano ya jimbo yakiisha, mimi naacha."

"Unaacha njegere?"

"Naacha BMX."

Kerrilyn kwanza aliwalaumu ndege. Septemba ilikuwa inaingia, na wale ndege weusi kwa weupe walikuwa wameanza kulinda viota vyao na kushambulia vichwa vya watoto, mpaka klabu nzima ikawa imechomeka vibanio vya plastiki vya kuwatisha juu ya helmeti, utadhani kundi la nungunungu limepanda baiskeli. Kisha akailaumu shule. Akalaumu simu. Akamlaumu Clint kwa kutokuwepo.

"Ni magoti, mama," Tully akasema. "Yanauma. Na wananicheka."

"Nani anakucheka? Nitajie."

"Wote, mama."

Wote ni watu wengi kuwafuata mlangoni mmoja mmoja. Tangu Juni huyu mtoto alikuwa anaumwa tumbo kila Jumapili asubuhi, na Jumatatu limepona. Alikuwa ameliona hilo. Alikuwa ameliona, akampa tangawizi.

Kesho yake akapiga simu madukani, huku akijiambia kwamba anauliza tu, kuuliza si kukubali. Baiskeli ya mbio, saizi inayofuata baada ya mini? Novemba, wakamwambia. Mashindano ya jimbo yalikuwa Oktoba. Warrabeen nzima ilibaki na moja tu, ya kijani, safi, saizi kamili ya Tully, na wenyewe walikuwa wanaitoa kwa sababu mtoto wao kanunuliwa nyingine.

Wenyewe walikuwa akina Stubbins.

Kerrilyn alisema bora Tully akimbie mbio hizo kwa miguu.

Habari ya Kerrilyn na Narelle Stubbins kila mtu klabuni anaijua, ila kila mtu anaijua ya kwake. Ukimsikiliza Kerrilyn, ilianza siku Narelle alipopeleka malalamiko kwa waamuzi kwamba Tully kamkatia njia binti yake Jorja, wakaitazama video weee, mwisho wakamshusha Tully nafasi. Ukimsikiliza Narelle, ilianza baadaye kidogo siku hiyohiyo, Kerrilyn alipokuwa anarudisha pikapu nyuma akapanda nayo juu ya kiti cha Narelle cha kukunja, akashuka, akakitazama kilivyolala, akasema, "Samahani, nilidhani ni takataka." Tangu hapo mahema yao yanasimama jirani pembeni mwa njia ya mbio, maana hakuna aliyekubali kuhama. Wanaongea kwa kupitia watoto, na watoto wasipokuwepo wanaongea kwa kupitia mbwa wa Narelle, anayeitwa Gravy, ambaye hana ubaya na mtu.

Sasa, Jumapili ya kwanza ya Septemba pale Warrabeen haianzi na mbio. Inaanza na baiskeli zinazotafuta wenyewe wapya, zimelazwa kwenye nyasi mbele ya kantini. Sheria za siku hiyo alizitunga Merv, baada ya wazazi kumchosha. Zamani mzazi alikuwa anakuja, anainua baiskeli kwa vidole viwili, anasema "nyepesi hii!", anaondoka nayo, na mtoto anakwenda kuiona nyumbani. Siku hizi mtoto anachagua mwenyewe, anaipeleka getini, anazunguka njia mara moja, anarudi. Wazazi wako nyuma ya kamba. Mdomo ruksa, lakini mikono iko mfukoni mpaka mapatano yaishe. Atakayetoa mkono anasugua bamba la kukaangia soseji, na lile bamba, jamani, nyie hamjaliona. Mtoto akishachagua, mwenye baiskeli anataja sharti lake, mara moja, kwa sauti, mbele ya watu. Unakubali au unakataa. Kunong'onezana nyuma ya magari hakuna.

Kwa hiyo Kerrilyn asingeweza kumzuia Tully kuiendea ile ya kijani. Hilo alilijua. Ila sheria haisemi mahali popote kwamba mtoto lazima aipende.

Asubuhi hiyo alifika wakati Merv bado anamwagilia njia maji ili vumbi jekundu lilale. Baiskeli zilikuwa tayari kwenye nyasi. Kerrilyn akapita taratibu, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akachuchumaa kando ya ile ya kijani kufunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa kandambili. Akabonyeza valvu ya tairi la nyuma. Tssss. Si upepo wote, hapana, yeye si mtu mbaya. Kiasi tu cha kuifanya baiskeli iende kama inapita kwenye uji. Alipokuwa anainuka akaona pia kwamba usukani umelala mbele vibaya, kama pembe za ng'ombe mgonjwa.

"Hata kufunga usukani hajui," akajisemea, na furaha yake ikaongezeka.

Watu wakafika. Vitunguu vikaanza kukaangwa. Watoto wakasimama mstari, wazazi wakapangwa nyuma ya kamba, Merv akapanda juu ya kreti na kipaza sauti chake.

"Mikono! Wote mikono mfukoni! Kerrilyn, nakuona."

"Sina mfuko, Merv. Hii suruali ya mazoezi."

"Mpeni aproni."

Ikaletwa aproni ya kantini, ina picha ya soseji imevaa miwani ya jua. Kerrilyn akaivaa, akatumbukiza mikono kwenye mfuko wa mbele kama kangaruu aliyechukia. Hatua chache pembeni alisimama Narelle ndani ya jaketi lenye mifuko mingi kuliko anavyoihitaji mtu mmoja, na miguuni mwake Gravy.

"Umeona, Gravy?" Narelle akamwambia mbwa. "Imempendeza. Ndiyo saizi yake."

"Gravy," Kerrilyn naye akamwambia mbwa huyohuyo, "mwambie bosi wako akazane kuuza, maana ile baiskeli yake imeanza kuota magugu."

Gravy akatikisa mkia kwa wote wawili.

"Mtoto kwanza!" Merv akapiga kelele. Watoto wakamwagika kwenye nyasi.

Tully hakuzunguka. Hakujifanya hata kutazama nyingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya kijani, akaishika kiti, akaisimamisha, kama mtu anayeamsha rafiki yake. Kerrilyn akasubiri kuona Narelle anavyotabasamu kwa ushindi. Hakutabasamu. Alikuwa amekunja uso kama kameza shubiri.

"Tully, mpenzi," Narelle akaita, "ile nyekundu pale umeiona? Nzuri sana ile. Hebu anza na ile."

"Nataka hii," Tully akasema.

"Muuza duka gani huyu anayefukuza wateja?" Kerrilyn akauliza hewani.

"Namshauri mtoto tu. We mwenyewe umeshindwa kumshauri."

"Mshauri wa kwako."

"Wa kwangu magoti yake hayapigi ngoma, Kerrilyn."

Watu nyuma ya kamba wakacheka, na mmoja akajifanya anakohoa. Kerrilyn akageuka kumtafuta, mikono ikiwa imekunjana ngumi ndani ya ile soseji yenye miwani.

Juu getini Tully alikuwa ameshapanda. Akaegemeza gurudumu la mbele kwenye geti, akasimama juu ya pedali zote mbili, akatulia. Sauti ya mashine ikawaambia wajiandae, taa zikashuka mpaka kijani, geti likaanguka. Kapaa! Tully akakanyaga, na baiskeli ikatoka kama ng'ombe anayetolewa zizini kwa lazima. Tuta la kwanza ikalipanda kwa kujikokota. Tairi la nyuma lilikuwa linabonyea, na mikono ya mtoto ilikuwa imenyooka mbele kama anasukuma kabati.

Kerrilyn akapumua. Basi. Imekwisha. Tutarudi nyumbani.

Halafu Tully akaingia kona ya kwanza, na Kerrilyn akaona kitu ambacho hakuwa tayari kukiona. Mtoto alikuwa anakanyaga. Kwenye kona! Magoti yalipanda, yakashuka, yakapanda, na hayakugonga kitu. Mwaka mzima Tully alikuwa anaacha kukanyaga akifika kona, anateleza tu mpaka kona iishe, na Kerrilyn alikuwa akiwaambia watu kwamba huo ndio mtindo wake, ana mtindo wake huyu, mwacheni. Kumbe hakuwa na mtindo wowote. Alikuwa hana pa kuweka magoti.

Kwa mazoea akamgeuzia hasira zote Narelle.

Tully akarudi akihema, akashuka. Watu walitegemea aseme haifai, akachukue nyingine. Yeye akachutama, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Likaingia. Akarudi mbele, akafumba jicho moja, akautazama usukani, akaukunjia pua.

"Nani ana spana ya L?" akauliza. "Na pampu."

"Mzunguko ni mmoja tu!" Narelle akasema haraka. "Ndiyo sheria. Merv, si ndiyo sheria?"

Na hapa ndipo Kerrilyn alipojiharibia mipango yake yote. Angenyamaza tu, mambo yangeisha. Merv angesema ndiyo, Tully angeiacha ile baiskeli, wangerudi nyumbani. Lakini Narelle alikuwa amesema mzunguko ni mmoja, na Kerrilyn Boag hajawahi hata siku moja kumsikia Narelle Stubbins akisema neno halafu akaliacha lipite.

"Mmoja kwa baiskeli nzima!" akapaza sauti. "Hii si nzima! Tazama usukani ule, Merv, umefungwa na mtu au umefungwa na mbwa? Wala simsingizii Gravy. Mtoto anayo haki ya kurudia!"

"Nzima ilikuwa nzima!" Narelle akasema. "Jana nimeijaza upepo mwenyewe. Huo upepo umekwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Upepo unakwenda unakotaka."

"Umekwenda unakotaka wenyewe tu?"

"Na usukani je?" Kerrilyn akarudisha. " Juzi Jorja alikuwa anautumia umesimama. Umelala lini? Umechoka?"

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kile kiti, walitazamana usoni bila kupitia kwa mbwa. Na kila mmoja akasoma kwa mwenzake kitu kilekile. Narelle hakutaka Tully apande baiskeli inayomtosha, kwa sababu Tully akiipata, Jorja hataona tena hata mgongo wake. Kerrilyn hakutaka Tully aipande, kwa sababu ni ya Narelle. Asubuhi hiyo, mmoja baada ya mwingine, wote walikuwa wamechuchumaa palepale kwenye nyasi, kuiharibu baiskeli ileile, dhidi ya mtoto yuleyule.

"Kuna mtu anataka kusema kitu?" Merv akauliza kutoka juu ya kreti.

"Hapana," Narelle akasema.

"Hapana," Kerrilyn akasema. "Arudie tu."

Merv aliwatazama, mmoja, mwingine, kisha akatazama mbingu. "Arudie," akasema.

Tully alikuwa ameshalegeza usukani. Aliunyanyua, akaukaza, akauvuta kuupima. Jorja Stubbins, ambaye mambo ya mama yake hayamhusu sana, ndiye aliyemletea pampu. "Naenda naye," Jorja akasema. "Ni baiskeli yangu, nataka kuiona ikiwa na mtu mwingine."

"Jorja!" Narelle akaita. "Njoo hapa."

"Mikono, Narelle!" Merv akafoka, maana Narelle alikuwa ameanza kuutoa mmoja. Ukarudi.

Geti likaanguka, na safari hii ile ya kijani haikukokotwa. Wasichana wawili walishuka mteremko bega kwa bega, wakapaa tuta la kwanza pamoja, wakaingia kona pamoja, na huko ndani ya kona Tully akaendelea kukanyaga, kukanyaga, kukanyaga, akatoka mbele kwa gurudumu zima. Watu wakaanza kupiga kelele. Kerrilyn hakupiga kelele.

Tully alipomaliza alikuwa anacheka kwa sauti ndani ya helmeti, na Jorja anamtukana kwa furaha, wanagongana mabega. Kerrilyn alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alisikia kicheko hicho, akakuta inabidi arudi nyuma mbali sana.

"Nimechagua hii," Tully akasema.

Hata vitunguu vilisikika vikikaangika.

"Mwenye baiskeli," Merv akasema, "taja sharti."

Narelle alijivuta kidogo ndani ya jaketi lake. Aliwaacha watu wasubiri, akifaidi.

"Pesa sitaki," akasema. "Nataka ile mini. Kwa ajili ya Pip."

Pip alikuwa binti yake mdogo, ana miaka sita, amesimama pale na mdomo umejaa soseji.

"Mini ipi?" Kerrilyn akauliza, ingawa alijua.

"Kile kibaiskeli cha dubu."

"Hapana."

"Basi hapana."

"Bora niitupe mtoni!" Kerrilyn akasema. "Bora niikate nifanye vijiti vya nyanya! Unajua nimeijengaje ile? Unajua kila nati imekaa pale kwa nini? Wewe, ambaye mnyororo unaupaka mafuta ya kukaangia chipsi? Jina la Stubbins likae juu ya kazi yangu?"

"Mara moja tu niliupaka! Na ilikuwa dharura!"

"Mama," Tully akasema. "Ile mimi nimeshaimaliza."

"Ile imekupa namba moja!"

"Aliyekanyaga ni mimi."

"Na tutaendelea na ile mpaka Novemba, tutapata nyingine dukani, mpya, isiyo na harufu ya Stubbins. Imekwisha. Irudishe."

Tully hakulia wala hakubisha. Angebisha, Kerrilyn angejua la kufanya. Mtoto aliilaza ile ya kijani kwenye nyasi polepole, upande wa mnyororo juu, kama mama yake alivyomfundisha. Akavua glavu. Akafungua helmeti, ile yenye vibanio vya kutishia ndege, akaenda nayo mpaka kwenye kreti, akamnyooshea Merv.

"Mzee Merv, iweke kwenye sanduku la kuazimia watoto wapya," akasema. "Mimi sitaihitaji."

Merv hakuipokea. Alibaki ameshika kipaza sauti, na mkono wa mtoto ukabaki hewani na helmeti yake.

Hakuna mtu aliyecheka. Narelle mwenyewe alitazama pembeni.

Kerrilyn alifikiria mambo mengi ya kusema, na yote yalikuwa makali, na yote yalikuwa yamemlenga mtu asiyekuwa Tully. Kisha akautoa mkono kwenye mfuko wa aproni, akavuka kamba, akamnyang'anya mtoto ile helmeti, akamrudishia kichwani kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaifunga kidevuni.

"Mkono, Kerrilyn," Merv akasema taratibu, bila kipaza sauti.

"Nitalisugua hilo bamba. Acha kelele." Akamgeukia Narelle. "Ichukue. Iko kwenye pikapu. Kibao cha namba kinabaki kwangu. Na mnyororo ule ukiugusa na mafuta ya chipsi, nakuja nyumbani kwako mchana kweupe naichukua tena, na kiti chako kimoja."

"Nimekubali," Narelle akasema. "Ila usije na gari."

"Mapatano!" Merv akanguruma, haraka, kabla hayajaharibika.

Pengine ungefikiri hapo walipeana mikono. Hawakupeana. Kerrilyn aliishusha mini kutoka kwenye pikapu, akaibeba kwa vidole viwili kwa mara ya mwisho, akakuta Narelle tayari ameshika spana, anataka kuanza kulegeza kiti.

"Toa mkono hapo!"

"Ni yetu sasa."

"Ni yenu, lakini utaivunja. Sogea. We Pip, njoo hapa."

"Na mimi nimtengenezee wa kwako ile ya kijani," Narelle akasema, "maana mwanao tairi la nyuma amelijaza kama puto la sikukuu. Unamfundisha nini huyu mtoto?"

"Nimemfundisha kukushinda."

"Tully! Lete hiyo baiskeli hapa, mpenzi, kabla haijakupasukia."

Ndivyo walivyopiga magoti kwenye nyasi, wamepeana migongo, kila mmoja mbele ya mtoto wa adui yake. Narelle alipunguza upepo, akabonyeza, akapunguza tena, akamwambia Tully upepo ule unapendwa na njia hii ya kwao, iliyokauka, na asimwambie mama yake nani kamfundisha. Kerrilyn alisikia kila neno. Aliushusha usukani wa mini mpaka ukafika usawa wa vile viwiko vidogo vilivyojaa mchuzi wa nyanya, akakaza nati moja moja. Kila moja aliijua.

Tully akaondoka kwenda getini bila kuaga. Jorja alikuwa anamwita.

"Sasa sikiliza," Kerrilyn akamwambia Pip. "Hii inachomoka. Usiiogope. Ukiwa getini macho yako mbele, viwiko nje hivi. Nje zaidi. Vizuri. Yeyote atakayekuja ubavuni, humpishi."

Pip alimeza soseji yake yote kwanza. "Hata kama ni rafiki yangu?"

"Hata rafiki yako."

"Hata mtu mkubwa?"

"Hata mkubwa."

Pip akapunguza sauti. "Hata mama?"

Kerrilyn alichungulia nyuma, akauona mgongo wa Narelle ulioinama.

"Mama yako," akasema, "ndiye wa kwanza kabisa."